Kumi Bora za Kalamu ya Utani: Orodha Kutoka Ngonga

Vuteni vigoda, maana leo tunabishana. Tunahesabu kutoka kumi kushuka hadi moja: wachora katuni, magazeti na wahusika wa kuchorwa waliofanya watu wawacheke wakubwa wao bila kuomba kibali. Orodha inatoka Ngonga, wilayani Kyela, mahali ambapo gazeti la Dar es Salaam hufika likiwa limesafiri karibu kilomita 1,000. Kwa umbali huo, habari ya ukurasa wa mbele huwa imeshasemwa redioni, imeshabishaniwa kijiweni na imeshapoa. Katuni haipoi. Mtu huifungua kwanza, hucheka, humpasia jirani, ndipo anarudi kutafuta bei ya kakao.

Kipimo cha orodha hii ni utani, na utani tunaujua. Mtani humwambia mkubwa maneno ambayo mwingine akiyasema anaitiwa kikao cha ukoo. Hata msibani ana ruhusa ya kuigiza mwendo wa marehemu mbele ya wafiwa, na wafiwa wakacheka huku machozi hayajakauka. Ila mtani huyo huyo ndiye anayeamka alfajiri kushika kazi za msiba. Ruhusa yake ya kukejeli inatokana na wajibu. Basi mchoraji anayemkejeli mnyonge apate kusifiwa na wenye nguvu hana nafasi hapa. Anayemkejeli mwenye nguvu kwa sababu anaijali jamii yake, huyo karibu, apewe kiti na wali wa Kyela.

10. Annibale Carracci, mchoraji aliyezidisha pua

Tunaanzia Bologna, Italia, miaka ya 1590. Carracci alikuwa fundi mkubwa wa picha za makanisani na za majumba ya wakuu. Dari ya jumba la Farnese huko Roma ni kazi yake. Mkono ulipochoka na malaika, aliupumzisha kwa kuwachora watu wa kawaida akizidisha kilichokwisha kuzidi: pua ndefu ikawa ndefu zaidi, kidevu kikubwa kikafika kifuani. Akagundua jambo ambalo kila mchora katuni analiishi hadi leo, kwamba sura iliyopotoshwa kwa akili humtambulisha mtu haraka kuliko picha iliyonyooka. Yuko namba kumi kwa sababu alifungua mlango tu. Wakubwa aliwaacha walale kwa amani.

*Neno la mtani:* Watoto wetu wamemchora mwalimu kwa mkaa kwenye ukuta wa darasa bila kusikia habari za Bologna. Tofauti ni moja: Carracci hakufagia uwanja wiki nzima.

9. Philipon, Daumier na mfalme aliyegeuka tunda

Paris, 1830. Mfalme Louis-Philippe anakalia kiti, na mwaka huohuo Charles Philipon anaanzisha gazeti la *La Caricature*. Hawakuchukua muda kugombana. Novemba 1831 Philipon alisimamishwa mahakamani kwa kumchora mfalme, akajitetea kwa kalamu. Alichora sura ya mfalme, pembeni akaichora tena imenenepa mashavu, ya tatu imenenepa zaidi, na ya nne ilikuwa peasi, tunda kamili lenye kikonyo. Akawauliza mahakimu mstari wa kosa unaanzia kwenye picha ipi. Walimtia hatiani, lakini haikusaidia kitu: peasi zikachorwa kwenye kuta za jiji zima.

Mwenzake Honoré Daumier alikwenda mbali zaidi. Alimchora mfalme kama jitu lililokaa kitini, ubao mrefu umetoka mdomoni mwake kama ulimi, na wabebaji wanaupanda na makapu ya fedha za maskini kuzitumbukiza humo. Kwa mchoro huo alifungwa miezi 6 mwaka 1832. Mwaka 1835 serikali ikatunga sheria ya kukagua picha kabla hazijachapishwa. Ufalme wenye jeshi na mizinga ulikuwa unalihofia tunda.

*Neno la mtani:* Philipon angezaliwa Rungwe angetumia parachichi, na soko zima la Tukuyu lingekamatwa.

8. Jitu lililotanua miguu juu ya ziwa letu

Tarehe 10 Desemba 1892, gazeti la vichekesho la *Punch* la London, lililoanzishwa 1841, lilitoa mchoro wa Edward Linley Sambourne ambao bado unachapishwa katika vitabu vya historia vya shule. Cecil Rhodes amesimama juu ya ramani ya Afrika, mguu mmoja Cairo na mwingine Cape, mikononi ameshika waya wa simu ya maandishi. Chini ya mapaja yake ndipo tulipo sisi, Ziwa Nyasa na watu wake wote. Mzaha huo ulikuwa na ukweli wa kutisha ndani yake, kwa kuwa waya wa Rhodes ulifika kweli Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, ukaendelea hadi Ujiji.

Mchoro huu hauwezi kupanda zaidi ya namba nane. Unamkejeli Rhodes kwa mkono mmoja na kumkuza kwa mkono mwingine. Wengi waliouangalia kule London waliona shujaa, na Mwafrika hayumo hata kwa ukubwa wa sisimizi.

*Neno la mtani:* Huku mgeni hupiga hodi na kusubiri kukaribishwa. Huyu aliingia na miguu yote miwili, na kila mguu ukaingia kwenye nyumba yake.

7. Twiga waliofundishwa gwaride

Mwaka 1896 huko Munich, Ujerumani, lilizaliwa gazeti la *Simplicissimus*. Miaka miwili baadaye mchoraji wake Thomas Theodor Heine alifungwa miezi 6 kwa katuni iliyoikejeli safari ya Kaiser Wilhelm II kwenda Palestina. Kifungo hakikumbadilisha. Mwaka 1904 alichora mfululizo wa namna kila taifa la Ulaya linavyotawala makoloni. Waingereza wamembana Mwafrika kwenye shinikizo wakikamua sarafu, huku mmisionari amesimama pembeni na kitabu chake. Wajerumani nao wamewapanga twiga mstari mmoja, wanawafundisha kuinua miguu kijeshi.

Wakati huo huku kwetu ndiko walikokuwa hao walimu wa twiga. Boma la Langenburg lilikuwa limehamishwa kutoka ufukweni kwenda milimani, pale tunapopaita Tukuyu, na mwaka uliofuata Vita vya Majimaji vililipuka kusini mwa nchi. Kwa hiyo Heine anastahili heshima: aliikejeli serikali yake mwenyewe ilipokuwa na nguvu. Deni lake ni moja, nalo ni la *Punch* pia. Walipomchora Mwafrika walimpa midomo na macho ya kubuni, kana kwamba hawajawahi kumwona mtu. Kumwonea mtu huruma bila kumchora kama mtu ni kazi iliyoachwa nusu, na nusu iliyobaki ilisubiri wachoraji wa kwetu.

*Neno la mtani:* Twiga hakuulizwa kama anapenda gwaride. Angeulizwa, jibu lingetoka juu kuliko kofia ya gavana.

6. Juha Kalulu, mjinga asiyestaafu

Sasa tumefika nyumbani. Edward Gitau wa Kenya alimchora Juha Kalulu kuanzia miaka ya 1950, na kwa miongo mingi wasomaji wa *Taifa Leo* walikuwa naye kila asubuhi. Gitau alifariki 2016 akiwa ameshika kalamu ile ile kwa zaidi ya nusu karne. Hesabu yenyewe inatosha kumvulia kofia: ukoloni ulipita, uhuru ukaja, marais wakabadilishana, na Juha yuko palepale na matatizo yake ya pesa, ya nyumba na ya majirani.

Juha hakumtaja waziri wala mbunge. Alifanya kazi nyingine: aliwazoesha wasomaji wa Kiswahili kukutana kila siku na mtu aliyechorwa anayeishi kama wao, anayekosea kama wao na anayeamka kesho kujaribu tena. Bila msomaji aliyezoea hivyo, wakali wa siasa waliokuja baadaye wasingekuwa na wa kumchekesha.

*Neno la mtani:* Juha alidaiwa miaka hamsini. Wanaomdai walikata tamaa kabla yake.

5. Joe, mtu wa kawaida wa Nairobi

Mwaka 1973 mwandishi Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst, Mwingereza aliyeifanya Kenya kuwa kwao, walianzisha jarida la *Joe*. Joe ni mfanyakazi wa mjini: anabanwa na kodi ya nyumba, anapigiwa kelele na bosi, na anajiponya kwa kucheka. Jarida lilichanganya katuni na hadithi fupi, likawapa waandishi na wachoraji chipukizi mahali pa kujaribu mikono yao hadi lilipokoma mwaka 1979.

Joe alijua pia mpaka wa enzi yake. Aliwacheka wakubwa kwa jumla, kwa mafumbo, kwa mlango wa nyuma. Katuni za kumchora Rais wa Kenya waziwazi zilisubiri miaka ya 1990, vyama vingi viliporudi. Nampa namba tano kwa ujasiri wa kucheka kwa sauti ya chini katika nyumba ambayo wengine walikuwa wamenyamaza kabisa.

*Neno la mtani:* Mshahara wa Joe ulifika tarehe moja ukaaga tarehe mbili. Hata salamu ilikaa zaidi.

4. Chakubanga, mcheshi ndani ya gazeti la chama

Mwishoni mwa miaka ya 1960, gazeti la *Uhuru* lilimpa Christian Gregory nafasi ya kumchora Chakubanga, na Tanzania ikapata mtani wake wa taifa. Angalieni alikopewa kazi. *Uhuru* lilikuwa gazeti la TANU, na baada ya 1977 la CCM. Ilikuwa zama za Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililowakataza viongozi kupangisha nyumba na kupokea mishahara miwili. Ilikuwa pia zama za foleni za sukari na sabuni, za ofisa anayekuambia njoo kesho, za wabenzi wanaohubiri jembe wakiwa ndani ya gari.

Katika gazeti ambalo kazi yake ilikuwa kueneza msimamo wa chama, pembe moja ndogo iliachiwa mtu wa hali ya chini anayejikwaa katika maisha yale yale ya wasomaji. Nalihesabu hilo kuwa jambo kubwa. Hotuba iliwaambia watu nchi inatakiwa iweje, na Chakubanga akawaonyesha ilivyo. Jina lake likatoka gazetini likaingia mitaani, likawa jina la utani la kila kijana mwenye vituko kutoka Tanga hadi Kyela.

*Neno la mtani:* Viongozi walikatazwa mishahara miwili. Chakubanga hakuwa hata na mmoja, kwa hiyo ndiye aliyetekeleza Azimio kikamilifu.

3. Sani na genge lake

Nani hapa hakuwahi kulificha *Sani* ndani ya daftari la hisabati? Jarida hili la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo lilichukua herufi za mwanzo za majina yao mawili, na miaka ya 1980 likatamba nchi nzima. Lilitupa Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge, Komredi Kipepe na Dokta Pimbi. Wanafiki, wavivu, watukutu na wapenda makuu wa mitaani wakapata sura, na kila mtaa ukawa na Lodi Lofa wake anayejulikana kwa jina hilo hadi leo.

Mmoja wa mikono iliyolijenga ilikuwa ya Philip Ndunguru, kijana mwenye jina linalosikika sana ng'ambo yetu, Umatengoni, upande wa Mbinga. Alifariki 1986 akiwa bado mdogo sana. Wahusika wake wakaendelea kuishi katika mikono ya wachoraji wengine, na wasomaji wengi hawakujua kwamba aliyewachekesha hayupo. Ukitafuta ushahidi kwamba Kiswahili kimezaa fasihi yake ya picha bila kumwomba mtu ruhusa, usitafute mbali, anza na *Sani*.

*Neno la mtani:* Walimu walinyang'anya nakala nyingi sana za *Sani* darasani. Ofisini kwao kicheko kilisikika hadi saa ya chakula.

Walioishia mlangoni

Kabla ya mbili za mwisho, tuwape maji waliobaki ukumbini. Thomas Nast wa New York alimwandama mwanasiasa mla rushwa William Tweed kwa katuni mwaka 1871. Tweed alipotoroka, mwaka 1876 alitambuliwa Hispania kwa msaada wa katuni hizo hizo. James Tumusiime wa Uganda alitupa mhusika Bogi Benda. Jimmy Spire Ssentongo, Mganda pia, mwaka 2023 aliwahamasisha raia wenzake kufanya maonyesho ya mashimo ya barabarani mtandaoni, na nchi ikaitikia kwa picha. Barly Baruti alitoka Kisangani na mkono wa dhahabu. Celeste Wamiru wa Kenya aliingia chumba cha katuni za magazeti kilichokuwa kimejaa wanaume tu. James Gayo alimleta mhusika Kingo. Nathan Mpangala, baba wa mhusika Kijasti, amepeleka rangi na karatasi kwa watoto wanaotibiwa saratani Muhimbili, na hapo utani na wajibu vimekutana mezani pamoja.

*Neno la mtani:* Mashangazi wa Kyela, mnavyomwelezea mtu kwa sentensi moja akatambulika sokoni, mlipaswa kupewa kalamu siku nyingi.

2. Gado, kalamu iliyovuka mipaka yote

Godfrey Mwampembwa. Huku kwetu jina likianza na Mwa- watu hukaa vizuri kusikiliza, lakini tusimng'ang'anie bila kuulizana ukoo: alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969. Mwaka 1992 aliacha masomo ya usanifu majengo katika Chuo cha Ardhi, akaenda Nairobi kuchorea *Nation*. Kuanzia hapo hakuna rais wa eneo hili aliyelala bila kujua kesho ataamkia sura gani. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2013 aliwachora Uhuru Kenyatta na William Ruto wakiburuta mnyororo wenye tufe la chuma, kwa sababu ya kesi zao za The Hague. Kila walikohutubia katika michoro yake, tufe lilikuwepo. Alichora pia *Abunuwasi* (1996), akamtoa mjanja wa hadithi za bibi na kumpa umbo, na mwaka 2009 vikaragosi vya *The XYZ Show* vikaingia kwenye televisheni.

Gharama aliilipa. Januari 2015 gazeti la *The East African* lilitoa katuni yake iliyomkejeli Rais Jakaya Kikwete, na mwezi huohuo gazeti likazuiwa Tanzania. Sababu iliyotolewa ni kwamba halikusajiliwa, nalo lilikuwa limesomwa nchini tangu miaka ya 1990. Mwaka 2016 yeye na Nation wakaachana. Hayuko peke yake kwenye njia hiyo: Septemba 2021 Opptatus Fwema alikamatwa Dar es Salaam kwa katuni aliyoiweka mtandaoni. Ninasema wazi: taifa linalomkamata mchora katuni limekataa ushauri wa bure.

*Neno la mtani:* Aliacha kuchora majengo akaanza kubomoa majivuno. Usanifu ni uleule, saruji tu ndiyo imepungua.

1. Kipanya wa Masoud

Piga ngoma! Namba moja ni panya mdogo. Ali Masoud, ambaye nchi nzima inamwita Masoud Kipanya, amemfanya mnyama asiyekaribishwa popote kuwa shahidi wa kila kikao. Yeye mwenyewe tumemsikia asubuhi Clouds FM, na kazi zake tumezisoma miaka mingi katika *Mwananchi*.

Najua mashabiki wa Gado wameshasimama. Kaeni, niwaeleze. Gado anaongea na Afrika nzima, na anastahili. Kipanya anaongea na mtu wa Ngonga, kwa Kiswahili, kuhusu umeme, ada, mafuta ya kula na ahadi za kampeni. Mara nyingi hana maneno zaidi ya matano, na bado mzee asiyejua kusoma anaielewa picha akapiga paja. Kumbukeni mwaka 2008. Mbunge wetu wa Kyela wa wakati ule, Dk. Harrison Mwakyembe, aliongoza Kamati Teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, na Februari Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Ripoti ilikuwa nene, yenye lugha ya wanasheria. Waliotuvusha wengi wetu kutoka kwenye ile lugha hadi kwenye maana ni wachora katuni, kila asubuhi kisanduku kimoja.

Nampenda Kipanya kwa sababu ya kimo chake. Anayemtazama mkubwa kutoka sakafuni huona viatu kwanza, na viatu vya wakubwa vina habari nyingi. Hamtukani mtu. Hata mkubwa aliyechorwa anaweza kumwangalia, akacheka, na kesho akarekebisha. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na hakuna aliyeifanya kwa Kiswahili kwa uaminifu wa kumzidi.

*Neno la mtani:* Mwaka 2022 Masoud alizindua gari la umeme lililotengenezwa na kampuni yake. Paka wote wa mjini wakagundua kwamba wamechelewa.

Sasa kazi

Mchoro wa Sambourne wa 1892 mwanafunzi wa Kyela anaukuta kitabuni. Chakubanga na Lodi Lofa anasimuliwa na babu, kama babu ana kumbukumbu nzuri, kwa kuwa kurasa zao nyingi zilikwenda kufungia vitumbua na usipa. Wachapishaji, kusanyeni katuni hizo, mtupe vitabu tuvinunue. Shule zetu, mtoto akimchora mwalimu kwa mkaa, mpeni penseli na karatasi, na kazi yake mwibandike ubaoni. Wahariri, mlipeni mchoraji wenu kwa wakati, maana kuna wasomaji wanaonunua ukurasa wake na kupewa mengine kama nyongeza. Nanyi mnaochorwa, chekeni kwanza, kisha mjibu hoja.

Kama namba moja yenu ni mwingine, msinibishie kwa barua ndefu. Mchoreni, mkaipeleke picha gazetini.